Wenzangu wananiacha kwenye mlima: je, mbio si za watu kama mimi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 37, naishi Uyole hapa Mbeya. Nauza nguo za watoto Mwanjelwa, kwa hiyo kutwa nzima nimekaa kwenye kiti, nikisimama ni kumshushia mteja nguo iliyotundikwa juu. Tangu nimzae huyu wa mwisho, ambaye sasa ana mwaka na nusu, mwili umeongezeka mpaka nguo zangu za zamani nimewagawia wadogo zangu. Mama yangu mzazi ana presha, na bibi yangu alifariki kwa kiharusi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko unene wenyewe.

Mwaka jana Septemba, Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, mtaa mzima ulikuwa unaongelea mbio. Vijana wakaanzisha kikundi cha jogingi, na Desemba shule zilipofungwa na mimi nikajiunga. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, tunaimba mchakamchaka tukishuka mpaka lami kuu, halafu tunarudi tukipanda. Kushuka naweza. Tukianza kupanda, Shangazi, sifiki popote. Kifua kinawaka, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni, kichomi kinanibana ubavuni, macho yanaingia kiza. Kiongozi wetu anapuliza filimbi na kunipigia kelele nisitembee, eti anayetembea hajafanya mazoezi. Wenzangu wakifika juu wananisubiri huku wananitazama. Kuna mama mmoja ananizidi umri kwa mbali, yeye anapanda ule mlima huku anaitikia nyimbo.

Sasa ugoko unaniuma miguu yote miwili, zaidi asubuhi nikikanyaga chini. Rafiki yangu ananishauri nijifunge nailoni tumboni chini ya sweta ili mafuta yayeyuke haraka. Na kuna jambo naona haya hata kuliandika: nikikimbia, hasa kwenye mteremko, mkojo unanitoka kidogo. Nimeanza kuvaa pedi. Sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Halafu nyumba ya wakwe zangu iko njiani. Sisi ni Wanyakyusa, na unajua heshima ya mkamwana kwa baba mkwe ilivyo. Alfajiri moja nilikutana naye uso kwa uso nikiwa nimevaa taiti, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mkwe akaja nyumbani kuuliza mwanamke mwenye watoto watatu anakimbia nini barabarani, anafukuzwa? Mume wangu hanikatazi, ila anasema niende nikishamaliza kazi za nyumbani, na kazi za nyumbani haziishi.

Sina ugonjwa ninaoujua. Niliambiwa tu damu iko chini nilipokuwa na mimba ya huyu wa mwisho, wakanipa vidonge, nikavimeza kwa muda nikaacha kwa sababu vilinifunga choo.

Kikundi kinataka wote tujiandikishe mbio za Mei, kilomita 21. Nijiandikishe, au niachane na mbio kabisa?

Mama wa Watatu, Uyole


Marahaba, Mama wa Watatu.

Usiachane na mbio. Achana na saa kumi na moja, achana na filimbi, achana na nailoni, na kwa wiki mbili zijazo usikimbie kabisa, utembee tu, ili huo ugoko upoe. Ukirudi utaanza upya, na safari hii utakwenda polepole kiasi cha kuona aibu. Tuizungumze hiyo aibu, maana ndiyo iliyokufikisha hapo ulipo.

Unakimbia kwa kasi ya watu wengine. Karibu kila anayeanza mbio hufanya hivyo: anamtazama aliye mbele yake, anaona kutembea ni kushindwa, anajikamua mpaka kifua kinawaka, na baada ya siku chache anajiambia mwili wake haukuumbiwa mbio. Mwili wako hauna kosa. Umeuomba ufanye kazi ya mtu aliyezoea miaka mingi, tena kwenye mlima, tena Mbeya.

Nasema Mbeya kwa sababu maalumu. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko Uyole mko juu zaidi kidogo. Kwenye kimo hiki mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga, na kila pumzi unayovuta inaleta oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Wewe umezaliwa huku, mwili wako umeuzoea upungufu huo ukiwa umekaa dukani au ukitembea kwenda kanisani. Ukianza kukimbia kupanda mlima, misuli inadai oksijeni mara nyingi zaidi, na hapo ndipo moyo unakwenda mbio kuisaka. Wanaokuja huku kutoka pwani huhema hata kwa kupanda ngazi. Kwa hiyo ushauri wa kasi unaoupata kwa mtu aliyejifunzia mbio ufukweni, ukiufuata huku bila kuupunguza utakuumiza.

Unajua mwenyewe maharage yanavyochelewa kuiva huku kwetu kuliko Dar. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ukiongeza kuni huyaivishi upesi, unakausha maji tu. Mapafu na miguu yako ni vivyo hivyo. Moto uwe wa wastani, na muda uwe mrefu.

Sasa, wastani ni upi? Kipimo kizuri hakihitaji saa wala simu: ni mdomo wako. Ukiwa unakimbia, sema Baba Yetu kwa sauti. Ukiweza kufika "utupe leo riziki yetu" bila kukata sentensi kuvuta pumzi, kasi yako ni sawa. Ukishindwa kumaliza hata mstari mmoja, umezidisha, punguza au tembea. Yule mama unayemwona anapanda mlima huku anaitikia nyimbo, usimtazame kwa unyonge. Ameshaupata ufundi wote: anaimba kwa sababu anakwenda kwa kasi inayomruhusu kuimba. Kama una ujasiri wa kumsogelea mtu mmoja kwenye kikundi kile, msogelee yeye, na uachane na mwenye filimbi.

Na kuhusu Simbu, kwa kuwa yeye ndiye aliyewasha moto mtaani kwenu. Alishinda Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimwacha wa pili kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Ukigawanya, ni kama dakika tatu na sekunde tano kwa kila kilomita, kwa kilomita 42 na zaidi. Lakini wakimbiaji wa kiwango chake hawafanyi mazoezi kwa kasi hiyo kila siku. Sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki huwa ni mbio laini, za kuzungumza, na ile kasi ya kutisha wanaiwekea siku chache. Kama bingwa anakimbia taratibu siku nyingi za wiki, mama aliyejifungua mwaka juzi anafukuzwa na nani?

Kabla ya kuvaa raba, kuna safari moja ya kwanza, nayo ni ya kituo cha afya. Umeandika kuhusu damu mwishoni kabisa, kama jambo dogo la kupita. Mimi nimelisoma nikaona huenda ndilo linalokurudisha nyuma kwenye mlima kuliko unene. Oksijeni husafirishwa na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hutengenezwa kwa madini ya chuma. Mimba tatu, kunyonyesha na hedhi hukomba chuma mwilini. Ukiongeza upungufu wa damu juu ya hewa nyepesi ya mlimani, unapata kile ulichokieleza: moyo masikioni, kiza machoni. Omba wakupime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa ni upungufu, na kwa sisi wa milimani kiwango hicho husogezwa juu kidogo, kwa sababu mwili wa mtu wa nyanda za juu unahitaji damu nyingi kuliko wa pwani. Wakikukuta uko chini na wakakupa vidonge tena, waambie wazi kwamba mara ya kwanza vilikufunga choo. Kuna namna za kupanga dozi ili usiteseke, lakini hawawezi kukusaidia kwa jambo wasilolijua.

Nyumbani, ongeza dagaa, maini ukipata, maharage, na mboga za majani zilizokamuliwa limao au kusindikizwa na chungwa. Na hili litakuuma, kwa sababu huku kwetu mlo bila chai hauonekani kuwa mlo: chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Kunywa chai yako, mwanangu, sikunyimi, tena ya Rungwe. Ila iache saa moja baada ya kula.

Hapohapo kituoni wapime presha. Una mama mwenye presha na bibi aliyeondoka kwa kiharusi, na miaka 37 si umri wa kusubiri dalili, kwa sababu presha mara nyingi haina dalili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, fuata atakachosema daktari kuhusu mazoezi kabla ya kuanza. Na ikitokea siku yoyote ukikimbia ukapata maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa begani au tayani, au ukazimia, usiyaite kichomi. Simama, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kichomi chenyewe ni kingine, kinachoma upande mmoja chini ya mbavu na kinaisha ukitembea. Punguza mwendo, bonyeza pale kwa vidole, toa pumzi ndefu. Usile ugali wa kushiba chini ya saa mbili kabla ya kukimbia. Kwa mbio za nusu saa asubuhi, ndizi moja au nusu kikombe cha uji inatosha.

Tuje kwenye ugoko. Watu hawaambiwi jambo hili na linawatoa wengi kwenye mbio: moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi utajisikia una pumzi ya kutosha huku miguu bado haijawa tayari, na ukiisikiliza pumzi peke yake utaivunja miguu. Wewe ulianza kwa kushuka mteremko wa lami gizani, na kushuka ndiko kunakotwanga ugoko na magoti kuliko kupanda, ingawa kupanda ndiko kunakokuumiza kifua. Baada ya wiki mbili za kutembea tu, bonyeza mfupa kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Kama maumivu yametawanyika ukingoni mwa mfupa na yanapungua siku hadi siku, ni uchovu wa kawaida wa anayeanza. Kama kuna sehemu moja ndogo, ya ukubwa wa ncha ya kidole, ambayo ukiigusa unaruka, au inauma usiku ukiwa umelala, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Hapo usikimbie mpaka daktari auone.

Raba ulizonazo hukunieleza, lakini wewe ni mtu wa Mwanjelwa, umezungukwa na mitumba, kwa hiyo nina la kukuambia. Watu huchagua raba kwa rangi na jina lililoandikwa ubavuni. Geuza kiatu kwanza, angalia soli. Ikiwa imelika upande mmoja wa kisigino kuliko mwingine, mwenye nacho wa kwanza alikanyaga kwa namna yake, na mguu wako utalazimishwa kumfuata. Bonyeza kwa dole gumba ule mpira mnene ulio kati ya soli na mguu: unatakiwa ubonyee na kurudi. Ukiwa mgumu kama ubao, kiatu kimezeeka hata kama juu kinang'aa. Kikunje: kinatakiwa kijipinde sehemu ya vidole, si katikati ya unyayo. Kijaribu jioni baada ya kazi, kwa sababu miguu huvimba kidogo kwa siku nzima, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kwenye kushuka mteremko mguu husogea mbele, na raba inayobana itakung'oa kucha. Na nunua sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri, hasa kama bado unanyonyesha. Ukiwa unanyonyesha, nyonyesha kabla ya kutoka, utakimbia kwa raha zaidi, na maziwa hayaharibiki kwa mbio.

Nailoni itupe. Kinachotoka pale ni maji. Utapungua kilo ukijipima asubuhi hiyo, na zitarudi zote ukinywa vikombe viwili vya chai. Mafuta hayayeyuki kwa joto la ngozi, yanatumiwa na mwili taratibu kadiri unavyojongea wiki hadi wiki. Nailoni itakuongezea kizunguzungu tu, na kizunguzungu unacho cha kutosha.

Kuhusu mkojo, nimefurahi umeandika. Ninyi mlio na siri hii ni wengi mno, kwenye vikundi vya jogingi, kwaya na vikoba, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Mimba na uzazi hulegeza misuli inayoshikilia kibofu chini ya nyonga, na kila unapotua mguu chini kibofu kinasukumwa. Misuli hiyo inafundishika. Ukiwa umekaa dukani kwako, bana kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kubana matako wala kuzuia pumzi. Shikilia kwa sekunde tano, achia kabisa, rudia mara nane hadi kumi. Fanya hivyo mara tatu kila siku. Hakuna mteja atakayejua. Usitarajie mabadiliko wiki ya kwanza. Jipe miezi mitatu. Ikiwa baada ya hapo bado unavuja, au unahisi kitu kizito kinashuka ukeni, mwone daktari wa wanawake, kuna tiba. Usiache kunywa maji kwa kuogopa kuvuja, maana mkojo mzito unakiudhi kibofu zaidi. Na mume wako mwambie. Amekuzalisha watatu, anastahili kujua ilikugharimu nini.

Ratiba yenyewe sasa. Siku tatu kwa wiki, zisizofuatana, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Anza kwa kutembea haraka dakika tano. Kisha kimbia dakika moja kwa ile kasi ya Baba Yetu, tembea dakika mbili, na urudie hivyo mara nane. Malizia kwa kutembea dakika tano. Basi, rudi nyumbani, hata kama unajisikia unaweza kuendelea. Hasa kama unajisikia unaweza kuendelea. Usipokuwa na saa, tumia nguzo za umeme: kimbia nguzo moja, tembea mbili. Ukiona wiki imepita bila ugoko kulalamika, ongeza muda wa kukimbia ufike dakika mbili, kutembea kubaki mbili. Kisha tatu kwa mbili, tano kwa moja, hivyohivyo. Wiki ikikushinda irudie, usihesabu kuwa umefeli. Wengi huweza kukimbia dakika ishirini mfululizo baada ya miezi miwili au mitatu. Wengine huchukua minne, nao wanakimbia vizuri tu.

Milima itembee. Miezi yote ya mwanzo, ukikuta kilima, tembea kwa hatua fupi, kifua mbele, na usimjali anayepuliza filimbi. Kwenye kushuka pia hatua ziwe fupi na za harakaharaka, usijiachie. Ni bora zaidi utafute kipande tambarare: kiwanja cha mpira cha shule, au barabara za vumbi za upande wa mashamba. Udongo unaipokea miguu kwa upole kuliko lami. Masika haya kutakuwa na matope, na radi za mchana na jioni si za kuchezea huku kwetu, kwa hiyo asubuhi ndiyo salama.

Lakini asubuhi ipi? Januari jua la Mbeya halichomozi mpaka saa 12 na dakika 40 hivi, na mwanga wa kuona njia unapatikana kuanzia saa 12 na robo. Ikifika Juni na Julai linachomoza karibu saa moja kamili. Kukimbia saa kumi na moja ni kukimbia usiku, kando ya barabara inayopitisha malori ya kwenda Tunduma na Malawi. Mwanamke peke yake nyuma ya kundi, gizani, sikubaliani nalo hata kidogo. Wewe una watoto wa shule. Wakishatoka na mabegi yao, kuna kama dakika arobaini kabla hujaanza kujiandaa kwenda Mwanjelwa. Hizo ndizo zako. Ukilazimika kupita barabarani, kaa upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia. Baridi ya Juni itakapofika, funga kitambaa chepesi mdomoni dakika za mwanzo, hewa baridi na kavu hukereketa kifua na kuleta kikohozi baada ya mbio.

Dakika hizo arobaini mume wako akae na mdogo. Hapa nasema naye moja kwa moja kama atasoma: baba, kazi za nyumbani haziishi, na wewe unalijua hilo kwa sababu hujawahi kuziona zimeisha. Ukimwambia mkeo aende zikiisha, umemkatalia kwa lugha laini. Asubuhi tatu kwa wiki, koroga uji, mshike mtoto, mwache mama yao aende. Kwenye ukoo wake kuna presha na kiharusi, na watoto ni wenu wote wawili.

Kwa wakwe zako nisingependa ushindane. Baba mkwe anayekutana na mkamwana amevaa taiti naye anaona haya kama wewe, na heshima ile haikuwekwa ili ikutese. Badili njia, ndiyo heshima ya kwanza. Ya pili, vaa sketi pana inayofika chini ya magoti juu ya taiti; inakimbilika vizuri, nimeona mabinti wa kwaya wakikimbia nayo bila shida. Kwa mama mkwe, nenda wewe mwenyewe, mchana, ukiwa na kitenge chako na kitu mkononi. Mwambie habari za bibi yako kama ulivyoniambia mimi. Mwambie unaogopa kuwaacha wajukuu zake. Kisha muulize presha yake imepimwa lini, na umwombe siku ya Jumamosi mwende wote kituoni. Mkipata majibu, mkaribishe mtembee pamoja hizo dakika tano za mwanzo na za mwisho. Anaweza kukataa. Lakini hatauliza tena unafukuzwa na nani.

Siku usizokimbia, shuka daladala vituo viwili kabla ya Mwanjelwa, umalizie kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na kutembea haraka kunahesabika. Mazoezi yako matatu na matembezi hayo yatakufikisha hapo kabla hujaweza kukimbia hata kilomita mbili mfululizo, na faida kwa presha huanza hapohapo, mwili ukiwa bado na kilo zilezile.

Kikundi unaweza kukirudia baadaye, mkiwa mmekubaliana kwamba atakayetembea ataachwa atembee. Kama kiongozi hataki, tafuteni wawili watatu mnaolingana pumzi, mtoke pamoja mwanga ukishapambazuka. Yule mama mwimbaji huenda akapenda.

Mbio za Mei, kilomita 21: hapana. Ugoko unaouma leo hauwezi kujengwa ukabeba kilomita 21 za milima ya Mbeya ndani ya miezi minne, na fedha ya kiingilio utaihitaji kwa raba. Kama kuna kilomita 5, na kama kufikia katikati ya Aprili unaweza kukimbia dakika ishirini mfululizo bila maumivu, jiandikishe hiyo. Anza mwisho wa kundi kabisa, tembea kwenye vilima, na mama mkwe awe mahali fulani pembeni ya barabara amembeba mdogo. Majibu ya damu na presha ukiyapata, niandikie.

Shangazi